Midomo ya Bi Kando

Kalamu ilikuwa mezani, kifuniko kimeshavuliwa. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na nimesikia kuna waliobishana majumbani mwao kwamba Bi Kando atasaini. Walioahidi kuosha vyombo wakishindwa, waanze kukunja mikono ya shati.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nakupitisha haraka. Bi Kando ni mkaguzi katika kiwanda cha mikanda ya usalama, ile wanayovaa mafundi wanaofanya kazi juu ya majengo na minara. Miaka kumi na tisa yuko meza ile ile ya mwisho, karibu na mlango wa ghala. Mkanda hautoki kiwandani mpaka upite chini ya kidole chake gumba. Anauvuta kwa mikono miwili pale unaposhonwa kwenye pete ya chuma, anapitisha gumba juu ya mshono, midomo inacheza bila sauti. Usipomridhisha, anageuza uso na kuuweka kando kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa soksi ya mgeni kwenye meza ya chakula.

Ni sekunde saba tu, na hizo ndizo zilizomponza. Zilirekodiwa, zikaingia mtandaoni. Kwa kuwa mashine zilimeza sauti yote, kila mwenye simu akambandikia maneno yake mdomoni. Mara anamkataa mchumba mwenye ahadi nyingi. Mara anakataa goli la kuotea. Mara anaikataa bajeti nzima pamoja na aliyeisoma. Haukupita mwezi, watu wakawa wanasema "nimepigwa kando" wakimaanisha wameachwa, watoto wakawa wanausogeza uji kwa vidole viwili, na jina alilopewa na wazazi wake likasahauliwa hata na jirani wa ukuta mmoja.

Sasa turudi ofisini. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Saini hapo chini, Mama," Meneja alisema. "Ni mstari mmoja."

Bi Kando akashusha miwani puani, akasoma. Mstari ulisema: Nakiri kwamba maneno yanayosikika kwenye video ni yangu, nilikuwa natania, na mkanda ule haukuwa na kasoro yoyote.

"Maneno gani?" aliuliza.

Meneja akabonyeza simu. Uso wake Bi Kando ukatokea, midomo ikacheza, na sauti nzito ya kukwaruza ikatoka: "Mkanda huu hata mbuzi wa jirani hafungwi nao."

Bi Kando akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Sauti hiyo ina mafua," alisema. "Mimi mara ya mwisho kuumwa mafua, wewe hujaajiriwa hapa."

"Midomo ni yako."

"Midomo ni yangu. Mbuzi si wangu."

Meneja hakucheka. Ni mtu wa umri wa mtoto wa kwanza wa Bi Kando, shati limenyooka, na siku hiyo alikuwa anatoka jasho chini ya feni. "Mama, hili si jambo la mzaha. Wateja wetu wanatutumia klipu hii badala ya oda. Wanauliza kama tunauza kamba za mbuzi."

"Video hii aliipiga nani?"

Meneja akatazama dirishani.

"Nakuuliza wewe, Meneja. Alipiga dada wa matangazo, kwa amri yako. Mkaiweka kwenye ukurasa wa kiwanda, mkatia muziki, mkaandika kwamba ubora uko mikononi mwetu. Ilipopendwa, ukaniletea wageni kila siku wapige picha na mimi. Leo inachekwa, imekuwa yangu?"

"Ile tuliifuta."

"Mmefuta ya kwenu. Hizi nyingine ziko mpaka kwenye simu ya mama yako."

Meneja akaigeuza simu kifudifudi mezani, kama mtu ambaye kweli alitumiwa na mama yake, tena zaidi ya mara moja.

"Saa kumi kamili," alisema hatimaye. "Kiwanda chote kitakusanyika, na tutarusha laivu kwenye ukurasa wetu. Utasoma mstari huu, utaomba radhi, yaishe. Ukikataa, kesho asubuhi ile meza ina mtu mwingine."

"Na huyo mtu mwingine anajua kuhesabu?"

"Kuhesabu nini?"

Bi Kando alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akageuka akamtazama vizuri. Bosi wa kiwanda cha mikanda, mwaka wa pili kwenye kiti hicho, hakujua kwamba mkaguzi anapochezesha midomo anahesabu mishono. Naye Bi Kando mwenyewe hakuwa amewahi kujiuliza: siku ile wanamrekodi, alihesabu akaishia ngapi?

Akaiacha kalamu pale pale ilipo. Vyombo vinawasubiri, waheshimiwa.

Alipita katikati ya mashine za washonaji. Kila aliyepitwa alinyoosha vidole viwili na kusogeza pembeni kitu kisichoonekana, kuelekea ofisini. Mmoja alifanya hivyo mashine ikiwa inakimbia, nusura ajishone kidole.

Karibu na meza yake kuna rafu iliyopakwa rangi nyekundu. Ni makazi ya mikanda iliyokataliwa. Rafu ilikuwa tupu. Hakushangaa, maana mikanda hiyo hukatwa. Aliitazama tu, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda nyumbani kabla ya kengele ya mapumziko.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wanaishi pamoja mwaka wa saba sasa. Wifi ni mshonaji wa mapazia, mashine yake iko ukumbini, na kitu anachokipenda kuliko mapazia ni simu yake, ambayo wiki hizi imejaa mpaka haipokei hata picha ya harusi.

"Wifi, unazo ngapi?" Bi Kando aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Ngapi nini?"

"Mimi."

Wifi akavua kipimo cha kitambaa shingoni. "Mia nne na kumi na tatu. Ukihesabu na stika."

"Na zote unazihifadhi kwa nini?"

"Kwani mtu maarufu ninayegombana naye kila siku nimpate wapi tena? Kaa hapa."

Wakakaa kwenye mkeka, katikati ya mapazia ya watu. Wifi akafungua moja moja, akieleza kama mwalimu wa historia. Kwanza zilikuja za mapenzi, siku nne nzima. Halafu mashabiki wa mpira wakazichukua, na mpira ukizichukua ujue zimefika kila mahali. Mwalimu mmoja akapiga muhuri wa uso wa Bi Kando kwenye madaftari ya wanafunzi waliokosea. Mwenye duka la viatu akamchora ukutani bila kumwomba ruhusa, akamchora vibaya, pua ya mtu mwingine. Wagombea wawili wakarushiana klipu yake, kila mmoja akidai Bi Kando yuko upande wake.

"Na mimi nilikuwa wapi wakati wote huo?"

"Ulikuwa unakaanga vitunguu. Tazama hii, unaongea kwa sauti ya mwanamume."

Lakini Bi Kando hakutazama uso wake. Alikuwa anatazama chini ya picha, mahali mikono ilipo. Kwenye klipu hii, mikono ilikuwa imefunikwa na maandishi manene. Kwenye nyingine, picha ilikatwa chini ya kidevu. Kwenye nyingine, kulikuwa na ukungu mtupu, na mkanda ukaonekana kama kipande cha mkate.

"Mbona mkanda hauonekani?"

"Utaonekanaje? Picha ikipita mikono mingi inachakaa, kama noti," wifi alisema. "Kila mtu anakata kidogo, anaandika juu, anatuma. Wanataka uso wako, wifi. Mkanda wa nini?"

"Mimi nataka mkanda. Nataka ile ya kwanza kabisa."

"Kiwanda si walifuta?"

Bi Kando akainamisha kichwa. Hapo, ndugu msomaji, nakwambia mwanamke huyu ambaye hajawahi kumlilia bosi alihisi machozi yakimlenga. Miaka kumi na tisa ya gumba lake, na ushahidi pekee wa kazi yake umekuwa kichekesho kisicho na mikono.

Wifi akamtazama. Halafu akaanza kuteleza kidole kwenye simu, chini, chini zaidi, kupita mia nne zote.

"Mimi nilikuwa mtu wa kumi na moja kuiona," alisema taratibu. "Nilikuwa na pazia la hospitali kwenye mashine, nikaona wifi yangu huyo, amependeza na koti lake la kazi. Nikaihifadhi kabla haijawa ya watu. Hii hapa."

Ilikuwa safi. Meza yote ilionekana, na mkasi, na rafu nyekundu nyuma yake, na katikati mkanda mpya wenye lebo ya kijani. Wifi akaikuza kwa vidole. Namba arobaini na saba.

"Zima huo muziki," Bi Kando alisema.

Wakaitazama bila sauti. Bi Kando akaweka gumba kwenye ukingo wa cherehani na kuifuata midomo yake mwenyewe, anavyoimba mtu wimbo aliousahau nusu. Moja. Mbili. Tatu. Mara ya kwanza alipotea. Mara ya pili alifika sita. Mara ya tatu wifi naye alikuwa anahesabu, na wote wawili wakasimama mahali pamoja.

"Tisa," wifi alisema. "Umesema tisa, ukageuza uso."

"Nimesema tisa."

"Tisa ni mbaya?"

"Kwenye upana wa gumba langu inatakiwa kumi na mbili. Kumi na mbili inambeba mtu na mizigo yake. Tisa inabeba koti." Alikuwa ameshasimama. "Sikuwa natania, sikuwa namtukana mtu. Nilikataa fungu zima siku ile, mikanda arobaini yenye lebo ya kijani, rangi ya fungu hilo peke yake. Ndiyo maana anataka nisaini kwamba ulikuwa utani. Nikikubali kwamba nilikuwa natania, mkanda unakuwa mzima."

"Lakini si mliikata?"

Swali hilo lilimpata Bi Kando akiwa anavaa kiatu, na hakukivaa tena. Alibaki nacho mkononi.

Hapa lazima nikueleze sheria ya pale kiwandani. Mkanda uliokataliwa hukatwa vipande viwili mbele ya macho ya mkaguzi, mmoja mmoja, kisha mkaguzi anasaini daftari la kukatia. Sheria hiyo Bi Kando aliiweka yeye, miaka hiyo, baada ya kumkuta mlinzi amefungia baiskeli kwa mkanda mbovu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusaini bila kuona mkasi.

Mpaka Alhamisi ile, lebo za kijani zikiwa bado rafuni zinasubiri zamu ya mkasi. Alhamisi ile walikuja wageni kumi na wawili kupiga picha na Bi Kando wa mtandaoni. Wakampanga, wakamwambia ageuze uso, asogeze vidole, tena, tena mara moja tu, Mama. Katikati ya vicheko Meneja akamletea daftari. Akasaini juu ya goti, akitabasamu mbele ya kamera.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikuuona mkasi."

Wifi hakumtuliza, maana si mtu wa kutuliza watu. Alimpokonya kile kiatu, akamvalisha mguuni, akamtia simu yake mwenyewe ndani ya mkoba.

"Nenda nayo," alisema. "Na ukisaini ile karatasi, usirudi kwangu na hadithi."

Saa kumi kamili kiwanda kizima kilikuwa kimesimama kwenye uwanja wa kupakia mizigo. Meza ndogo imewekwa, juu yake karatasi, kalamu, na mkanda mmoja mpya wa maonyesho, umelazwa kwa mapozi. Dada wa matangazo alikuwa nyuma ya kamera. Ndiye aliyerekodi zile sekunde saba, na tangu siku ile hajaweza kumtazama Bi Kando machoni.

Simu yake mwenyewe Bi Kando ilikuwa kabatini tangu asubuhi, maana wakaguzi hawaruhusiwi simu mezani. Shika hilo, tutalihitaji.

"Tupo hewani," dada wa matangazo alisema.

Meneja akaingia kwanza kwenye picha, akatabasamu, akasema kiwanda chetu kinapenda ucheshi, akasema leo Bi Kando wenu mpendwa ana neno. Akasogea pembeni nusu hatua tu, bega lake likabaki kwenye picha.

Bi Kando akaishika karatasi. Akaisoma kimya mpaka mwisho, kisha akageuza uso na kuiweka kando kwa vidole viwili.

Washonaji wakapasuka kwa kicheko. Kwenye skrini, watazamaji mia mbili wakawa elfu tatu kabla kicheko hakijaisha, kila mmoja akimwita mwenzake aje aone Bi Kando anafanya ile yake, mzima mzima.

"Mmecheka vya kutosha," Bi Kando alisema, na uwanja ukatulia. "Mwezi mzima mnanitia maneno mdomoni. Nimewaacha wachumba nisiowajua. Nimetukana viongozi. Nimefuga mpaka mbuzi. Sina ugomvi na nyie, mengine yalinichekesha hata mimi. Lakini katika mamilioni yenu yote hakuna mtu mmoja aliyeniuliza, mama, kwani wewe siku ile ulisema nini?"

Meneja akapiga hatua. "Mama, karatasi."

"Leo nitasema kwa sauti yangu. Haina muziki, mtanisamehe."

Akauchukua mkanda wa maonyesho. Akauvuta kwa mikono miwili pale kwenye pete, akaweka gumba, na midomo ile inayojulikana na nusu ya dunia ikaanza kucheza, ila safari hii ilitoa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Huu ni mzima," alisema. "Kumi na mbili. Huu hata mwanangu ningemvalisha."

Kisha akatoa simu ya wifi, akaielekeza kwenye kamera. Ile video safi ikacheza, bila muziki, lebo ya kijani ikionekana wazi.

"Hesabuni na midomo yangu. Mtaishia tisa. Hilo ni fungu namba arobaini na saba, mikanda arobaini, lebo za kijani. Niliikataa. Ilitakiwa ikatwe mbele yangu." Hapo akaishusha simu, akaendelea. "Nilisaini kwamba imekatwa na sikuona mkasi. Nilikuwa nawafurahisha wageni kwa picha. Kosa hilo ni langu, sitampa mtu mwingine hata kipande. Lakini rafu yangu ni tupu, na pipa la vipande nimepita kulikagua kabla ya kuja hapa, halina uzi mmoja wa kijani. Kwa hiyo mikanda iko kwa watu. Meneja, umeipeleka wapi?"

"Zima hiyo kamera," Meneja alisema.

"Nimezima, Bosi," dada wa matangazo alijibu.

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule dada wa matangazo alikuwa anamtazama Bi Kando machoni.

Meneja akiamini hayuko hewani tena, akasema maneno ambayo mpaka leo ni stika. "Mama, oda ilipungua mikanda arobaini na mteja alikuwa getini. Mishono mitatu tu imekosekana. Unataka kufunga kiwanda kwa mishono mitatu?"

Watazamaji elfu arobaini na moja walimsikia.

Bi Kando hakumjibu yeye. Aliinamia kamera, karibu, mpaka uso ukajaa skrini. "Wewe uliyevaa lebo ya kijani, usinicheke sasa. Shuka chini kwanza, ushike ngazi kwa mikono yote miwili. Ukifika chini ndiyo unipige kando."

Nimeandika hadithi hii kwa wiki nyingi na nimesema mabaya kuhusu watu wa mtandaoni. Leo nawavulia kofia. Kabla Bi Kando hajainua kichwa, kuna aliyekwishakata kipande kile na kukituma, na aliyekipokea akakituma, kikapita kwenye magrupu ya familia, ya mpira, ya wauza viatu. Mia nne na kumi na tatu za kwanza kila mtu alizibandikia sauti yake. Hii hakuna aliyeigusa sauti.

Baada ya dakika tano ikaja picha ya mpaka rangi wa maghorofa, mkanda wenye lebo ya kijani uko sakafuni, vidole vyake viwili vikiusogeza. Chini ameandika, nimeshuka. Ikaja ya pili, ya wasafisha vioo wawili. Dada wa matangazo akawa anazisoma kwa sauti na washonaji wanahesabu. Saba. Kumi na moja. Kumi na sita. Wengine walikuwa wanalia huku wanahesabu, maana mikono iliyoishona mikanda ile ni yao.

Meneja aliondoka uwanjani bila kuagwa. Alipompita mlinzi, akamwambia afunge geti, asitoke mtu wala kuingia.

Bi Kando akaenda kwenye kabati lake kuchukua simu yake, arudi nyumbani kumwambia wifi kwamba hakusaini. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa tangu saa tisa kasoro dakika kumi. Ulitoka kwa mdogo wake.

Sijawahi kukutajia mdogo wake, na nilikuwa na sababu. Ni fundi wa minara ya simu. Ndiye anayepanda kurekebisha ile mitambo inayobeba klipu zote hizi, na amekuwa akimtumia dada yake stika za Bi Kando akiwa juu ya mawingu, kwa raha zake. Mama yao alipofariki, Bi Kando ndiye aliyembeba mgongoni.

Kwenye picha alikuwa amesimama chini ya mnara, fulana ya rangi ya chungwa, anacheka. Kiunoni ana mkanda mpya. Lebo iko ubavuni, na ni ya kijani.

Ujumbe ulisema: "Dada, leo kampuni imetugawia mikanda ya kwenu, mipya kabisa, nimejisikia fahari. Kamba ya akiba nimeiacha kwenye gari, ya nini wakati nimevaa mkono wako. Nazima mnara sasa, laini zetu za kampuni huku zitakatika mpaka nimalize, wa mitandao mingine watapata kama kawaida. Saa kumi na nusu nikiwa kule juu nitaegemea mkanda nikufanyie ile yako, mikono yote miwili. Mwenzangu yuko chini atanirekodi. Subiri uone, itasambaa kuliko yako."

Akampigia. Haipatikani. Akampigia yule mwenzake. Haipatikani. Elfu arobaini na moja walikuwa wameusikia wito wake, na mtu pekee ambaye haukuweza kumfikia alikuwa huyo, kwa sababu mnara aliouzima ndio aliokuwa ameupanda.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika ishirini na sita.

Hakupiga kelele. Alichukua mkanda ule wa maonyesho wenye mishono kumi na miwili, akautupia begani, akakimbia. Miaka yake hamsini na mbili alikimbia nayo yote. Washonaji walipomwona uso walimfuata bila kuuliza.

Mlinzi alikuwa ameshika komeo. "Dada Mkaguzi, nimeambiwa nisifungue."

"Mdogo wangu yuko juu ya mnara, na lebo ya kijani."

Mlinzi akaitazama ofisi ya Meneja, pazia lilikuwa linacheza. Akanyoosha vidole viwili kuelekea dirisha lile, akaisogeza amri ya bosi pembeni, na kufungua geti mpaka mwisho.

Mnara uko ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kutoka getini unaonekana wote, chuma mpaka juu, na siku hiyo juu kabisa kulikuwa na kitone cha rangi ya chungwa. Bi Kando alivuka barabara bila kutazama magari, mkono umeinuliwa, anaita jina la utotoni ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua. Sauti yake, iliyosikiwa na mji mzima muda mfupi uliopita, haikufika hata relini.

Kile kitone kikatulia. Kikaegemea nyuma, taratibu, mpaka nafasi ya mbingu ikaonekana kati yake na chuma.

Kikaachia mkono mmoja.

Midomo ya Bi Kando ikaanza kuhesabu yenyewe, na hakuna aliyeiambia ihesabu nini. Alikuwa amefika tisa, kitone kilipoachia mkono wa pili.